MASHUA YA MBIO ILIYOTUMIKA: KUINUNUA NA KUIREKEBISHA

Mwaka jana tulipewa insha darasani yenye kichwa "Gari Nilipendalo". Wenzangu waliotoka bara walishika kalamu wakaandika mpaka kengele ikalia. Mmoja alitaka Subaru ya mbio iliyotumika, akaeleza atakavyoifungua injini, atakavyobadilisha magurudumu na bomba la moshi, hadi ikichomoka lisionekane ila vumbi. Mimi nilikuwa nikiuma kalamu tu. Nimezaliwa Amu mjini, kwenye vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hawapishani bila ya mmoja kukwaruza ukuta. Gari la mbio ningelipitisha wapi? Basi nikaandika juu ya mashua ya mjomba wangu. Nilipata alama kumi na moja kwa ishirini kwa kosa la kutoka nje ya mada, lakini chini yake mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Hii ipanue uipeleke jaridani." Nimeipanua.

Kwanza tuelewane. Mashua ninayoisema ni chombo cha mbao chenye mlingoti mmoja na tanga moja la pembe tatu, mdogo wake jahazi. Nyingi huundwa kwa kazi: kuvua, kubeba mchanga, mawe na boriti za mikoko. Lakini mara moja moja mafundi wa visiwa vyetu huunda mashua yenye kiuno chembamba na omo kali, na hiyo haihitaji kuambiwa ikimbie. Ndizo hizo hushindana siku za Maulidi, katika tamasha ya utamaduni wa Lamu mwezi wa Novemba, na mwanzo wa mwaka kule Shela. Watu huzijua kwa majina, kama vijana wa Nairobi wanavyowajua wachezaji wa mpira. Kuipata ya kununua ni bahati, maana mwenye nayo humwachia mwanawe.

Mjomba wangu ni mvuvi. Alikuwa na boti ndogo ya faiba yenye mashine, na mashine hiyo ndiyo iliyokuwa ikilipa karo ya binamu yangu, ambaye tuko naye kidato kimoja. Lakini petroli ilipanda. Kuna siku alirudi na samaki, akauza, akalipa petroli, akabaki na harufu ya samaki tu. Ndipo ikaja habari kwamba huko Kizingitini, kisiwani Pate, mwenye mashua moja maarufu amefariki na warithi wanataka kuiuza wagawane mirathi. (Jina la mashua silitaji, ni mambo ya watu.) Mjomba akaiuza boti na mashine yake. Mkaza mjomba alikaa siku tatu bila ya kumsemesha. Usiku wa nne nilimsikia akimwambia mama: "Nduguyo ameuza karo ya mtoto akanunue upepo."

Tulikwenda watu watatu: mjomba, mimi, na mzee mmoja fundi wa Matondoni ambaye sisi vijana humwita Ami. Matondoni iko upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, na kwa uundaji wa vyombo haina haja ya kutangazwa. Somo la kwanza nililipata kabla hatujaondoka. Mjomba alitaka twende Jumatatu. Ami akakataa, akasema tungoje bamvua. Bamvua, kwa wenzangu wa bara, ni zile siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Yakipwa hivyo, chombo huketi mchangani kikavu, ukakiona mpaka chini. Ami alisema: "Mwenye kukuonyesha chombo maji mafu, akuuzia nusu ya yuu."

Tulipofika, warithi walikuwa wameipaka rangi mpya, samawati na nyeupe, iking'aa kama sahani ya sikukuu. Mimi nilikwisha kuipenda hapo hapo. Ami hakuitazama rangi hata kidogo.

"Mwanangu, rangi ni ya mwenye kuuza," akaniambia. "Ndoo huku tini."

Alinipa ncha moja ya mshipi wa kuvulia niishike omoni, yeye akashika ya pili tezini, tukauvuta ukakaza sambamba na mkuku. Mkuku ni ule mti mrefu wa chini kabisa, uti wa mgongo wa chombo. Ukiwa umeinuka katikati kama mgongo wa paka aliyekasirika, jua chombo kimebebeshwa kupita kiasi au kimelazwa vibaya ufukweni miaka mingi, na hakuna fundi wala rangi itakayokinyoosha. Wa mashua ile ulikuwa umenyooka. Kisha akatoa nyundo ndogo ya mti akaanza kugonga ubao mmoja mmoja huku ameinamisha sikio. Ubao mzima hulia "ko". Ubao ulioliwa na wadudu wa baharini hulia "bu", kama mtu anayegonga godoro. Karibu na tezi tulisikia "bu" mbili. Akachomeka ncha ya kisu, nacho kikazama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Mrithi mkubwa akaanza kukohoa.

Halafu akapanda ndani, akainama kwenye ngama, yaani maji yanayojikusanya chini ndani ya chombo, akachovya kidole akakionja. Mimi niligeuza uso. Baadaye alinieleza sababu. Maji ya chumvi yakikutwa ndani, mashua inavuja, na kuvuja huzibwa. Maji matamu ni ya mvua, nayo ndiyo adui mkubwa, kwa kuwa chumvi huhifadhi mbao na mvua huiozesha. Chombo kilichoachwa wazi mvuani misimu miwili huoza kuanzia ndani, mahali mnunuzi asipopatazama. Ya kwetu ilikuwa ya chumvi, alhamdulillahi.

Mwisho kabisa alitia mkono mahali mlingoti unaposimama, akapapasa, akanyamaza. "Mlingoti huu si mahali pake," alisema. Mjomba hakusikia, au alisikia akaliacha, maana alikwisha kuanza kupatana bei. Mbao mbili zilizooza na mataruma matatu yaliyolegea (taruma ni zile mbavu za ndani) vilimsaidia kuishusha. Bei yenyewe siitaji, amenikataza. Karatasi ya mauziano iliandikwa mbele ya mashahidi wawili, tukala samaki wa kupaka, ikawa yetu.

Msomaji ataniuliza: kwa pesa hizo, kwa nini asiunde mpya? Jibu ni mti. Mbao ndefu ngumu zimekuwa adimu. Taruma nalo halichongwi kwa mti ulionyooka ukapindwa. Hutafutwa tawi lililojipinda lenyewe msituni kwa umbo linalotakiwa, na fundi huweza kutembea siku nzima akitafuta moja. Februari 2018 serikali ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii, nasi wa mikoko tukaguswa. Mwaka huo huo wa 2018 huku kwetu Lamu iliteremshwa majini Flipflopi, mashua ya mita 9 iliyoundwa kwa plastiki iliyookotwa, mkuku na mataruma yakiwa plastiki iliyoyeyushwa, na nje imevishwa vipande vya kandambili vya kila rangi. Mwaka 2019 ilisafiri hadi Unguja. Wapo wazee waliocheka. Ami hakucheka, alikwenda akaigonga kwa nyundo yake.

Basi turudi Kizingitini. Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma vizuri, na safari ya kurudi Amu ni ya kusukumwa na upepo kutoka nyuma. Tulipita Faza, tukapita Mtangawanda, lakini tulipofika Mkanda, ule mlango mwembamba baina ya Manda na bara, maji yalikuwa yamekwisha kutoka. Tukapwelewa. Neno hili wengi wetu hulitumia kwa maana ya kutatizika, lakini asili yake ndiyo ile: maji yamepwa, chombo kimekaa topeni, nawe huna la kufanya ila kungoja. Tulingoja mpaka usiku, tukila mbu au tukiliwa nao. Maji yalipoanza kurudi yaliingia ndani kwanza kupitia mbao zile mbovu, nami nikashika upo nikafua maji mpaka mikono ikaota malengelenge. Hapo nilimkumbuka mkaza mjomba na maneno yake juu ya upepo.

Masika ilipoingia na bahari kuchafuka, mashua ikapandishwa pwani Matondoni. Kuondoa mbao mbili na kutia mpya ni kazi iliyochukua siku chache tu. Kazi ndefu ni kukalafati. Pamba husokotwa, ikalowekwa mafuta, ikapigwa kwa patasi butu ndani ya kila mfereji baina ya ubao na ubao. Ukiipiga kidogo, maji yatapita. Ukiipiga kwa hasira, utazitenganisha mbao na kufanya tundu jipya. Mimi nilipewa upande mmoja, Ami akafanya wa pili, na nilipomaliza alikuja akang'oa nusu ya kazi yangu bila ya kusema neno. Baada ya hapo chini hupakwa deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, kuzuia wadudu na kuulainisha ubavu upite majini bila ya kukwaruza. Kwa mashua ya kazi deheni hupakwa tu. Kwa ya mbio husuguliwa kwa kiganja mpaka iteleze kama sabuni, maana kila kidoto kilichosimama ni mkono mdogo unaokushika nyuma.

Hapa niliingiza somo la fizikia. Nilitaka kujua mashua yetu ingeweza kukimbia kiasi gani hata ikirekebishwa na malaika. Mwalimu wa fizikia alinieleza juu ya William Froude, Mwingereza ambaye miaka ya 1870 alikuwa akivuta vielelezo vya meli ndani ya birika refu la maji huko Torquay. Chombo kinapokwenda hujitengenezea wimbi. Kadiri mwendo unavyozidi, wimbi hilo hurefuka, hadi likawa refu sawa na chombo chenyewe. Hapo omo imeinuka, tezi imezama, na chombo kimekuwa kama mtu anayepanda kilima kinachotembea naye. Vyombo vyepesi mno huweza kuruka juu ya kilima hicho. Chetu cha mbao nzito, la. Hesabu yake si ngumu: chukua urefu wa chombo pale kinapokata maji, kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, kisha zidisha kwa 2.43. Utapata maili za baharini kwa saa, na maili moja ya baharini ni mita 1,852.

Ya kwetu hapo majini ni mita 6.25. Kipeuo cha pili ni 2.5, hivyo ni kama maili 6.1, yaani kilomita 11 na kidogo kwa saa. Chombo cha mita 9 kingefika maili 7.3, kilomita 13 na nusu. Nilimpelekea Ami karatasi yangu kwa fahari. Akaiangalia, akanirudishia: "Chombo kirefu hukimbia. Hilo hukuyua?" Lakini hesabu ile ilinifaa. Nilielewa kwamba urekebishaji hauongezi ule mpaka. Huondoa tu vinavyokuzuia usiufikie.

Na sisi tulizuiwa. Siku ya mashindano ya Maulidi, watu wamejaa ukutani pwani mpaka hapana pa kuweka mguu, tulimaliza wa pili kutoka mwisho. Aliyekuwa nyuma yetu alikatikiwa na kamba. Mashua ilikuwa haivuji, laini chini, mabaharia hodari, lakini kila upepo ulipoongezeka ilitaka kuielekeza omo kwenye upepo kama punda anayekumbuka zizi. Nahodha peke yake hakuiweza kana, ule mkono wa usukani. Ilibidi tuwe wawili. Na usukani ukikaa umepinda wakati wote huwa ni breki. Twasoma katika magazeti kwamba mambo "yameenda mrama", au kwamba timu fulani "imeshika usukani" wa ligi, nasi hatukumbuki kuwa maneno haya yalitoka baharini. Siku ile mimi niliyakumbuka yote mawili, moja kwa kulipata na la pili kwa kulikosa.

Wiki ile binamu yangu hakuonekana darasani, na wenye kujua walijua kwa nini. Mjomba alianza kuuliza-uliza nani angeitaka mashua kwa kubebea mchanga. Mkaza mjomba hakumlaumu. Hilo ndilo lililonitisha.

Ami alikuwa ameyatazama mashindano akiwa barazani. Alikuja jioni na kijiti. "Nilisema mlingoti," akaanza, na safari hii mjomba alikaa chini kama mwanafunzi. Mashua ile katika miaka yake ya mwisho ilikuwa imebebeshwa mchanga. Ili kupata nafasi ya mzigo mbele, mlingoti ulirudishwa nyuma na kusimamishwa wima. Mashua za kwetu mlingoti wake huinamia mbele, nanyi mtaona ukipita pwani yoyote ya Uswahilini. Tanga ni mkono wa upepo unaosukuma mahali fulani. Mkuku na ubavu uliozama ni mkono wa maji unaozuia mahali fulani. Alikilaza kijiti mkekani, akakizuia katikati kwa kidole kimoja na kukisukuma kwa kingine. Akisukuma nyuma ya kizuizi, kijiti kilizunguka, mbele ikaelekea upepo. Akisogeza kidole mbele kidogo kidogo, ikafika mahali kijiti kikaenda ubavu sawasawa bila ya kuzunguka. "Hapo," akasema.

Kazi ikawa ya siku mbili. Chini kwenye mkuku tuliikuta alama ya zamani mahali mguu wa mlingoti ulipokuwa, imejaa uchafu. Tukaurudisha, tukauinamisha mbele kwa kabari mpaka kichwa chake kikawa kimesogea shibiri moja. Kisha farumi, yaani uzito unaowekwa ndani ili chombo kisipinduke. Ya kwetu ilikuwa mawe yaliyotupwa popote. Ami akayatoa yote, akatia magunia ya mchanga, kwa sababu gunia huhamishwa. Akayasogeza kidogo kuelekea tezi ili nyuma izame zaidi na kulishika maji. Upepo ukiwa mdogo, magunia mengine humwagwa. Ukiwa mkali, watu hupanda kwenye ubao unaotokeza nje ya ubavu wakaning'inia, na hao ndio farumi bora kuliko zote maana hujisogeza wenyewe.

Likabaki tanga. Lilikuwa la merikani, kile kitambaa cha pamba ambacho jina lake lilitokana na Marekani kilikotoka zamani, nalo lilikuwa limelegea tumbo lote likaenda nyuma. Likafumuliwa mishono mitatu likashonwa upya, tumbo likarudi mbele karibu na foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga. Msidhani ni jambo dogo. Upepo ukiongezeka maradufu, nguvu yake kwenye tanga huwa mara nne, na tumbo likiwa mahali pabaya ubaya nao huwa mara nne. Tulijifunza pia kuitumia demani vizuri, ile kamba inayolivuta tanga upande usio na upepo. (Demani hiyo hiyo ni jina la majira ya mwisho wa kusi, pepo zinapokuwa za upole. Nani katika chama chetu atatuandikia toleo lijalo kama haya ni maneno mawili au moja?)

Jaribio lilifanywa asubuhi, mbele ya Shela. Tulipokwisha kuchukua mwendo Ami akaniambia: "Iwachie kana." Nilisita. "Iwachie!" Nikaiwachia. Mashua ikaenda yenyewe, moja kwa moja, nikahesabu mpaka ishirini na mbili, kisha taratibu ikaanza kuielekeza omo kwenye upepo. Mjomba alidhani bado kuna kosa. La, alisema Ami, hivyo ndivyo inavyotakiwa: chombo kiwe na hamu kidogo ya upepo, ili nahodha akianguka majini, kijigeuze kisimame kimngoje. Kisichotaka upepo kabisa kitakwenda zake na kukuacha.

Novemba tulishindana tena. Kaskazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, haijatulia. Kwenye boya la kwanza tulikuwa wa tano. Tulipoanza kubisha, kwenda mshazari kwenye upepo huku na huku, mara ya pili foromali ilikwama ikipitishwa mbele ya mlingoti, tukapoteza muda ambao mpaka leo nausikia moyoni. Tukamaliza wa tatu. Mjomba alishika kana peke yake, kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akawa anaupunga, jambo ambalo mabaharia walimwambia si adabu.

Zawadi ya wa tatu haikutosha karo. Kilichotosha ni kwamba mashua sasa hutoka na alfajiri na kurudi kabla jua halijawaharibu samaki, wala hainywi petroli. Siku za shwari mjomba hukaa nyumbani, na hizo ni siku mkaza mjomba huzihesabu kwa sauti. Binamu yangu amesharudi. Ameketi nyuma yangu ninapoandika haya, na anasema nimemsahau kumtaja kuwa ndiye aliyekuwa kwenye ncha ya ule ubao siku ya Novemba.

Kwa sasa kuna mzozo nyumbani. Foromali imeonyesha ufa mwembamba, urefu wa kidole, karibu na mahali inapofungwa henza ya kuipandishia. Ami anataka ibadilishwe kabla ya Maulidi. Mjomba asema ifungwe kamba tu, mti mpya ni ghali. Jana nilikwenda nikaigonga kwa nyundo. Sijapata hakika kama ililia "ko".